Kama ni haraka, nipigie

Ushauri unaozunguka sana kuhusu mitandao ni ule wa kufuta kila kitu, toa Instagram, toa TikTok, kaa mwezi mzima na kitochi halafu utakuwa mtu mpya. Huwa nausoma mpaka mwisho na swali langu linabaki lile lile, huyu aliyeandika anaishi na watu gani? Maana kwetu huku Dar, na najua Mombasa na Zanzibar ni hivyo hivyo, ukifuta WhatsApp leo msiba utakupita, na kuukosa msiba wa jirani ni jambo ambalo mtaa utalikumbuka mpaka wanao waoe. Mchango wa harusi unaombwa humo, kikao cha wazazi kinatangazwa humo, kikoba kinatuma hesabu humo, mama mkwe akipandwa na presha huko Muheza taarifa inaingia kwenye grupu la familia kabla hata hajafikishwa hospitali. Na mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Tabata na mabinti wawili ninaoshona nao, wateja wengi wamenijua kwa picha za mishono walizoziona kwenye simu ya mtu. Kuniambia nifute ni kuniambia nifunge fremu.

Ila na wale wanaosema ndo dunia ya sasa tuzoee tu, nao sikubaliani nao kabisa. Muda wetu unaliwa jamani, na unaliwa vibaya. Ripoti ya mwaka 2024 ya DataReportal, wale wanaokusanya takwimu za intaneti duniani, iliwaweka majirani zetu Wakenya mstari wa mbele kabisa duniani, zaidi ya saa tatu na nusu kila siku kwenye mitandao ya kijamii, wakati wastani wa dunia ulikuwa kama saa mbili na dakika 20. Zidisha mwenyewe, saa tatu na nusu kwa siku ni zaidi ya siku 50 kwa mwaka, siku nzima nzima, mchana na usiku wake. Mimi saa tatu na nusu nakata gauni la kitenge la kawaida, nalishona, nalipiga pasi na nalitundika likisubiri mwenyewe. Na hapa Tanzania tusijione tuko salama sana, panda daladala yoyote ya Gongo la Mboto jioni uangalie vichwa vilivyoinama.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mtu mmoja na nia yake njema hawezi kushindana na hizi programu, na kinachotushika humo kwa kiasi kikubwa ni watu wetu wenyewe, kwahiyo hata namna ya kupunguza inabidi tuipange na hao hao watu. Tukubaliane. Ukijipangia peke yako, ukazima data bila kumwambia mtu, baada ya wiki utaitwa mtu wa maringo na utairudisha.

Kwanza kwanini nia njema haitoshi. Zamani kidogo ukisoma ukurasa wa intaneti ulikuwa unafika chini, unakuta namba pale, 2, 3, 4, unabofya ndo unaendelea. Pale chini palikuwa na kazi yake, palikuwa panakupa nafasi ya kujiuliza naendelea au naenda kubandika maharage. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, akabuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kadri unavyoshuka, hauna chini tena, na huyu huyu baadae amekuwa akisema hadharani kwamba anasikitika kwa kile alichokianzisha. Kitufe cha laiki Facebook wakakiweka Februari 2009. Tiki za bluu WhatsApp wakazileta Novemba 2014, na stetasi za kufutika baada ya saa 24 zikaja Februari 2017. Ukivitazama kimoja kimoja ni vitu vidogo, ila kila kimoja kiligusa sehemu nyeti ya maisha yetu. Tiki za bluu zimegombanisha mawifi wangapi? Umesoma hujajibu, maana yake umenidharau. Na stetasi nayo inaonyesha nani kapita, kwahiyo mtu akiweka picha ya marehemu baba yake, wewe ukapita bila kusema pole, anakuona umepita. Hapo umeshafungwa, ukifungua lazima ujibu na usipofungua unaonekana huna habari na watu.

Halafu kuna ile ya kuvuta skrini kwa kidole ishuke ijipange upya, uone kama kuna kipya. Mara kipo mara hakipo. Profesa B.F. Skinner wa Harvard alishaonyesha miaka mingi kabla ya simu hizi kuwepo, njiwa akipewa punje kila akidonoa anadonoa kwa kiasi, ila akipewa mara moja moja bila kujua lini itakuja, anadonoa bila kuchoka. Ni zile mashine za kamari za mtaani za kutumbukiza sarafu ya mia mbili, zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na hakuna mzazi anayemwacha mtoto asimame pale kutwa, lakini ya kwenye simu tunalala nayo kitandani.

Na wenyewe walijua. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, Novemba 2017 alisema wazi jukwaani kwamba walipokuwa wanaijenga, swali lilikuwa ni jinsi gani watumie muda na umakini wa mtu kwa wingi kadri inavyowezekana, na kwamba walikuwa wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu wakijua wanachokifanya. Huo ndo mtaji wao, muda wako unageuzwa matangazo. Sasa upande mmoja kuna wahandisi wenye digrii zao wanalipwa mishahara mikubwa ili wewe usiondoke, upande wa pili kuna wewe umechoka, saa tano usiku, umelala chali na simu iko mkononi. Ukishindwa hapo usiambiwe huna msimamo. Mimi hili neno la msimamo linanikera sana linapotumika kwenye hili jambo, maana linamuachia mzigo mtu mmoja huku aliyetengeneza mtego anasifiwa kwa ubunifu.

Turudi kazini. Mteja anaingia na kitenge chake cha yadi sita, anasema dada fundi nataka ule mshono wa mikono mipana aliovaa yule dada kwenye sendofu ya jana. Picha hana. Basi inafunguliwa Instagram kuutafuta, na hapo ndo safari inaanza, mshono mmoja unaleta ishirini, kati ya hiyo ishirini kuna bi harusi wa Mwanza analia, kuna mtu anatukanwa kwenye komenti, kuna video ya mtu anapika pilau kwenye sufuria kubwa kama ngoma, unaangalia na hiyo, mteja naye ameshafungua yake. Kitenge kipo mezani kimekunjwa vile vile kilivyokuja. Fundi yeyote anayesoma hapa anaijua hiyo nusu saa, na anajua pia kwamba mwisho wake mteja anachanganyikiwa, anataka mikono ya picha hii, shingo ya picha ile, na mkia wa ile nyingine.

Sisi tulichofanya, tulikaa siku tukachagua picha za mishono tuliyoishona wenyewe na ile inayoombwa sana, tukazipeleka steshenari zikachapwa kwa rangi, tukazitia kwenye faili la plastiki. Liko limetundikwa kwa kamba pembeni ya kioo. Fungu la kwanza mikono, la pili shingo, kisha sketi, kisha sare za kicheni pati na sendofu. Mteja analishika, anafunua, anaweka kidole kwenye mkono anaoupenda, na mimi nashika kitenge chake pale pale namwambia hiki ni kigumu, mkono huu utasimama vizuri, ila ukileta kile cha kudondoka utataka bitana na gharama itapanda. Tunaongea nguo, mimi na yeye, tunatazama kitu kimoja. Vipimo vinaandikwa kwenye daftari la oda, tarehe na kiasi alicholipa, na kipande kidogo cha kitambaa chake nakibana na pini kwenye huo ukurasa. Hakuna bando linalokatika katikati.

Simu yangu inakaa kwenye shelfu juu, jirani na redio, na nimezima notifikesheni zote isipokuwa mlio wa kupigiwa. Meseji nazifungua saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Na nimewaambia watu, hilo ndo jambo lenyewe. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka jibu la kujituma lenyewe ukiwa haupo, yangu inasema: Asante kwa ujumbe wako, meseji nazijibu saa nne, saa nane na saa kumi na mbili, kama ni haraka nipigie, kama huna salio nibipu nitakupigia. Hiyo ya kubipu niliongeza baada ya mteja mmoja mama mtu mzima kuniambia kwa haki kabisa, mwanangu meseji ya WhatsApp inanitosha na bando langu la mia tano, ukisema nipige unanitoa vocha. Alikuwa sahihi. Ukiweka utaratibu wako lazima uangalie nani anaulipia, isije ikawa wewe umepata utulivu na mwenzio ameongezewa gharama.

Na kupiga kwenyewe, yaani watu wamesahau kunavyorahisisha. Nguo iko tayari? Iko tayari, njoo baada ya saa tisa. Kwisha. Kwa meseji hiyo hiyo ingekuwa mambo, poa, za huko, nzuri, vipi ile nguo, ipi dada, ile ya njano, halafu picha, halafu kimya, halafu alama za kuuliza tatu. Kuna mtafiti, Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, amefuatilia kwa miaka mingi watu wakiwa kazini, na akakuta mtu akikatizwa kazi yake inachukua kwa wastani kama dakika 23 mpaka arudi kwenye ile kazi aliyoiacha. Wao walikuwa watu wa maofisini na kompyuta zao. Kwa mtu anayepitisha kola chini ya sindano hata sihitaji kueleza, mkono ukishatoka kwenye mstari umetoka.

Mabinti wangu sikuwawekea sheria ya kuweka simu kapuni, nilifanyiwa hivyo na mtu niliyejifunza kazi kwake na nilikuwa naona nafanywa mwizi. Tulikaa tukaongea. Mmoja wao ana TikTok yake, anajirekodi anavyokata na kuunga, na kusema ukweli analeta wateja kuliko mimi, vijana wa chuo wote wanaokuja kushonesha ni wake. Huyo nikimwambia hakuna simu naua riziki yake na yangu. Tukakubaliana kurekodi ni mchana wakati wa kula, simu ikiwa kwenye stendi, na kuposti ni jioni tukishafagia. Komenti anajibu akiwa kwenye gari. Mwenzie yeye alikuwa mtu wa tamthilia za vipande vipande, zile za dakika mbili mbili zinazokatia pazuri, na huyo ndo alinifundisha kitu, alisema dada mimi nikiwa na simu mfukoni hata isipolia naisikia. Akaomba mwenyewe iwe inakaa kwenye shelfu na ya kwangu.

Sasa niongelee grupu la kamati, maana hapa ndo penyewe. Kila anayesoma hapa amewahi kuamka amewekwa kwenye grupu la harusi bila kuulizwa. Watu mia na ushee, katibu ameshaweka orodha, namba moja familia ya bwana harusi, namba mbili Mama fulani ahadi laki moja ametoa elfu hamsini, na ile tiki ya kijani pembeni. Kila anayetoa ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairusha tena nzima. Wakitokea wawili wamerusha kwa pamoja orodha zinapishana, jina la mmoja linapotea, analalamika, na ana haki maana ni hela yake, katibu anaomba radhi, orodha inarushwa upya. Katikati hapo mtu kaweka asubuhi njema yenye maua, mwingine neno la siku, mwingine anauza kiwanja Kigamboni, mwingine katuma voisi ya dakika nne anaanza kwa kusalimia viongozi wote wa kamati kwa vyeo vyao, na kuna mtu anauliza kikao ni lini wakati kimetangazwa huko juu mara nne. Na huwezi kuacha kusoma, kwa sababu humo humo katikati ndo imefichwa meseji kwamba ukumbi umebadilika.

Hilo grupu moja linakula muda kuliko TikTok, na hakuna mtu anayelitaja tukiongelea uraibu wa mitandao, tunawasema vijana tu. Wamama na wababa wa miaka hamsini wanaingia kwenye simu kuangalia orodha ya michango na wanatoka saa nzima baadae wameshapitia stetasi za ukoo mzima.

Kwenye sendofu ya binti wa jirani yangu, mimi nikiwa kwenye kamati, nilipeleka hoja tukafanya magrupu mawili. La kwanza la matangazo, wanaotuma ni maadmini peke yao, hiyo WhatsApp iliruhusu tangu 2018 na iko kwenye mipangilio ya grupu, mtu hahitaji utaalamu wowote. Michango inatumwa kwa namba ya mhasibu, mhasibu anaandika kwenye daftari, na orodha inatoka mara moja kwa siku, saa tatu usiku. La pili la gumzo, vigelegele, picha za vitambaa, asubuhi njema, kila kitu, na anayetaka kulinyamazisha analinyamazisha bila hofu ya kupitwa. Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko, watu walisema orodha ikitoka mara moja haichangamshi, mtu anapenda jina lake lionekane pale pale alipotoa. Nikaelewa. Kuonekana umetoa ni sehemu ya kutoa, sio dhambi. Mhasibu akawa anamtumia kila mtu meseji yake binafsi ya shukrani akishapokea, na saa tatu wanaonekana wote. Waliofurahi zaidi walikuwa wazee, mzee mmoja alisema kwa mara ya kwanza simu yake haijajaa wakati wa shughuli.

Kuna kitu cha bando ambacho waandishi wa nje hawakijui, kwao intaneti inalipwa mwisho wa mwezi. Hapa unanunua la siku au la wiki na lina saa yake ya kufa. Saa mbili usiku una MB mia nne na zinaisha usiku huo huo, unafanyaje? Unaangalia video mpaka ziishe, kwa sababu hela umeshalipa na kuziacha zife unaona kama umetupa chakula. Na vile vifurushi vya usiku wa manane vinavyouzwa bei nafuu, wanafunzi wa vyuo wanakesha navyo, asubuhi darasani wamezima. Nilichofanya mimi ni hesabu ya kawaida kabisa, niliangalia natumia kiasi gani kwa kazi, nikahamia bando la mwezi lenye MB chache, na kila nikitaka kuangalia video najua natoa kwenye za wateja. Ukinunua kubwa kwa sababu ni nafuu kwa kila MB, umenunua na usingizi wako humo humo.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita, kosa la mipangilio kwenye mitambo yao wenyewe. Kwetu ilianza jioni saa kumi na mbili na kitu, zikarudi kama saa saba usiku. Tulikuwa tunamalizia sare za kicheni pati. Binti mmoja akazima simu akaiwasha, akaizima tena, kijana wa vocha pale nje akawa anauza bando kwa watu ambao bando lao lilikuwa bado lipo. Halafu simu zikaanza kulia. Wateja, shangazi, hadi mtu wa lesi wa Kariakoo akapiga. Dada yangu wa Morogoro alinipigia kuuliza kama na kwangu imekata, tukaongea mpaka dakika zake zikaisha nikampigia mimi, na ndo hapo nikajua mgongo unamsumbua tangu mwezi wa sita na kuna siku hawezi kuinua ndoo. Kila siku tulikuwa tunatumiana stika na nilikuwa naziona stetasi zake zote, amependeza, yuko kanisani, yuko shambani na watoto. Mgongo hauwekwi kwenye stetasi. Tangu wakati ule tunapigiana Jumapili jioni.

Ndo maana siamini kwenye kufuta na siamini kwenye kuacha kama ilivyo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2018, wanafunzi 143, kundi moja waliambiwa watumie Facebook, Instagram na Snapchat dakika kumi kumi tu kwa siku kila moja, baada ya wiki tatu upweke na dalili zao za sonona zilikuwa zimepungua ukilinganisha na walioachwa waendelee na kawaida yao. Dakika kumi, hawakuambiwa wafute. Na mwaka huo huo kulikuwa na utafiti mwingine Marekani kabla ya uchaguzi wao wa Novemba, watu walilipwa wazime Facebook wiki nne, wakajikuta wana kama saa nzima ya ziada kwa siku, wakakaa zaidi na ndugu na marafiki, wakawa na furaha kidogo zaidi, ila pia habari za nchi yao zikawa zinawapita. Hivyo ndivyo ilivyo, kuna unachopata na kuna unachokosa, na anayekwambia hakuna unachokosa hajakaa na watu wanaomtegemea.

Tena ukipunguza ujue deni linahama. Komenti ya pole sana Mungu awatie nguvu imekuwa rahisi mno, unaandika ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, unajiona umeshatimiza. Ukiacha kuishi kwenye komenti utalazimika kwenda. Ukae mkekani, umenye vitunguu, ubebe na sukari kilo mbili. Mimi kwenye ukoo nilisema wazi, jamani sitaonekana sana kwenye grupu, sitakuwa najibu kila picha, lakini penye msiba na ugonjwa mtaniona kwa macho, na shangazi mkubwa alinijibu kwa sauti mbele ya watu kwamba atanihesabia. Ananihesabia kweli. Hilo lilinisaidia kuliko programu yoyote ya kupima muda wa skrini, ingawa hizo nazo zipo kwenye simu nyingi tangu 2018, ukiingia kwenye mipangilio utakuta saa zako zimeandikwa programu kwa programu, angalia japo mara moja.

Nyumbani, simu zote zinapanda juu ya friji tukianza kula na zinashuka watoto wakishalala, ya baba watoto pia, na yeye ndo aliyekuwa mgumu kwa sababu ya mpira. Tukaelewana siku za mechi kubwa anaangalia kwenye tivii na watoto wanaangalia naye, matokeo ya mechi nyingine atayakuta asubuhi. Mdogo alikuwa analishwa uji huku anaangalia katuni, hiyo niliikuta kwa karibu kila nyumba ninayoitembelea na inaniuma. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Australia wao wamekwenda mbali, wametunga sheria wasiofika miaka 16 wasiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa, imeanza kazi Desemba 2025. Sisi tusisubiri serikali kwenye kijiko cha uji. Mtoto akigoma kula bila katuni atagoma siku mbili tatu, njaa itamrudisha.

Kinachonisumbua sasa hivi ni grupu la wazazi wa darasa la pili. Mwalimu anatumiwa meseji saa tano usiku, hesabu ya ukurasa gani, mwanangu kasahau sweta, na asipojibu anasemwa humo humo mbele ya wazazi wote. Ni binti mdogo, ana mtoto mchanga. Jumamosi tuna kikao shuleni na hoja yangu nimeshaiandika kwenye daftari: grupu la mwalimu liwe la matangazo tu, la wazazi liwe pembeni, mtu asimtumie mwalimu kitu baada ya saa mbili usiku, na mtoto akiugua mzazi ampigie. Nimeshaongea na wamama wawili wameniunga mkono. Mwenyekiti bado, anasema wazazi watalalamika wamezibwa midomo, na sio hoja ya kupuuza, wapo ambao hiyo ndo sehemu pekee wanayosikilizwa na shule. Nitampitia nyumbani kwake Ijumaa nikishafunga fremu, tuone kama tunaweza kutenga japo siku moja kwa wiki ya mwalimu kupokea simu za wazazi.